Kinywaji cha wanamichezo: nani anakihitaji, anywe kiasi gani, na namna ya kukitengeneza nyumbani

Baada ya sala ya alasiri, viwanja vya mpira vya Unguja na Pemba, vile vyenye nyavu na vile ambavyo magoli yake ni boriti mbili za mkandaa, huanza kujaa watu, na pembeni, mahali ambapo zamani iliwekwa ndoo moja ya maji na kata yake, siku hizi hupangwa chupa zenye kinywaji cha buluu, cha manjano au chekundu. Asubuhi hali ni hiyo hiyo: katika vikundi vya mazoezi ya viungo, vile vinavyokusanyika kwa wingi kila tarehe 1 Januari kwa ajili ya siku ya mazoezi kitaifa, hukosi kumuona mtu aliyetembea nusu saa akimalizia na chupa ya namna hiyo, na ukimuuliza anainywea nini atakwambia kwamba inarudisha nguvu.

Kinywaji hicho kina faida yake ya kweli, lakini faida hiyo haimfikii kila mtu wala haihitajiki kila siku. Kinamfaa anayefanya mazoezi mazito kwa zaidi ya saa moja, hasa katika joto la Kaskazi, pamoja na yule anayetakiwa kurudi uwanjani siku hiyo hiyo kabla hajapata nafasi ya kula. Waliobaki, ambao ndio wengi wetu, wanatosheka na maji ya kunywa na mlo wa kawaida wa nyumbani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kujua umo katika kundi lipi, na la kufanya ukishajua.

Kilichomo ndani ya chupa

Ukiondoa rangi na ladha, kinywaji cha wanamichezo ni vitu vitatu: maji, sukari na chumvi. Kile kilichotangulia kupata umaarufu kilitengenezwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, pale daktari wa figo Robert Cade na wenzake walipoulizwa na kocha msaidizi kwa nini wachezaji wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, iliyoitwa Gators, walikuwa wakipungua uzito mwingi uwanjani na wala hawaendi haja ndogo. Madaktari hao walichanganya maji, chumvi na sukari, wakatia maji ya limau ili mchanganyiko uweze kunyweka, na jina la timu ndilo lililozaa jina la Gatorade. Ni vyema kukumbuka kwamba wale walikuwa vijana wenye miili mikubwa, waliovaa kofia ngumu na kinga za mabega, wakigongana kwa saa nyingi chini ya jua. Kinywaji kilibuniwa kwa ajili ya hali yao, hakikubuniwa kwa ajili ya mtu anayetoka Michenzani kwenda Mnazi Mmoja kwa miguu.

Sukari na chumvi havikuwekwa pamoja kwa kubahatisha. Katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna vijilango vinavyopitisha glukosi, ambayo ni aina ya sukari, na sodiamu, iliyomo katika chumvi, kwa pamoja, na vitu hivyo viwili vikishapita maji huvifuata, kwa hiyo maji yenye kiasi kidogo cha sukari na chumvi hufyonzwa vizuri. Kanuni hii ndiyo iliyomo pia katika pakiti ya ORS anayopewa mtoto anayeharisha. Tofauti ni ya vipimo: ORS ya Shirika la Afya Duniani, ikichanganywa katika lita moja ya maji, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida pamoja na chumvi nyengine, ilhali kinywaji cha wanamichezo kina sukari zaidi ya mara nne ya hiyo na chumvi kidogo kuliko hiyo. Sababu ni kwamba mgonjwa wa kuharisha anahitaji zaidi kurejeshewa maji na chumvi, na mchezaji anahitaji pia kitu cha kuchoma misulini. Hivyo kinywaji cha wanamichezo hakishiki nafasi ya ORS kwa mgonjwa, hata kama dukani kinaonekana cha kisasa zaidi.

Kwa kawaida kila mililita 100 za kinywaji hiki huwa na gramu 6 hadi 8 za sukari. Kipimo hicho kina maana yake: kinywaji kikizidi kuwa kitamu, tumbo huchelewa kukiachia kuteremka katika utumbo, na mchezaji hukimbia huku maji yakimchezea tumboni. Soda ya kawaida ina karibu gramu 10 au 11 katika kiasi hicho hicho, na juisi ya muwa huipita soda, kwa hiyo gilasi ya juisi ya muwa ya Forodhani, pamoja na tangawizi na ndimu yake, ni starehe nzuri ya baada ya mchezo lakini si kitu cha kunywa wakati wa mapumziko ya kipindi cha kwanza.

Kabla ya kununua, igeuze chupa na usome lebo. Tafuta sukari kwa kila mililita 100, tafuta sodiamu, kisha tafuta neno kafeini. Ukilikuta neno hilo, ulichokishika kinaweza kuwa ni kinywaji cha ukoo mwengine, vile vya kuongeza nguvu ambavyo vijana huviita enaji. Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa madukani kwetu, kwa sababu aina zote mbili huwekwa katika friji moja na hutangazwa kwa picha za wanariadha. Kopo la enaji la mililita 250 aghalabu huwa na miligramu 80 hivi za kafeini, ambazo hukaribia zile za kikombe cha kahawa, na sukari ya gramu 27 hivi, yaani ni tamu kama soda. Kafeini humchangamsha mtu, lakini humpandisha mapigo ya moyo na humkosesha usingizi, na kinywaji chenyewe hakikukusudiwa kukata kiu ya mtu anayevuja jasho. Mtoto wa skuli asipewe kabisa, na mjamzito naye ajiepushe nacho.

Je, wewe unakihitaji?

Swali la kwanza ni muda. Mtu anayetembea, anayekimbia polepole au anayefanya mazoezi ya viungo kwa dakika 30 hadi 60 hamalizi akiba yake ya nguvu. Ini na misuli huhifadhi wanga kwa namna ya glaikojeni, na kwa aliyekula vizuri akiba hiyo huweza kumchukua hadi dakika 90 hivi za mazoezi mazito. Chumvi anayoitoa katika muda huo mfupi huirudisha bila ya kukusudia katika samaki wa kukaanga, mchuzi, mkate na ajemi za chakula chake cha siku. Na anayepita kwenye urojo jioni hana haja ya kuhofia kwamba amepungukiwa na chumvi.

Kwa anayefanya mazoezi ili apunguze mwili, hesabu ni ya kusikitisha kidogo. Chupa ya nusu lita yenye gramu 6 za sukari kwa kila mililita 100 ina gramu 30, sawa na vijiko saba vya chai na zaidi, nazo hutoa kalori 120. Kutembea kwa haraka nusu saa humchomesha mtu wa kilo 70 kalori zinazokaribia kiasi hicho hicho, kwa hiyo anayemaliza matembezi na kuifungua chupa hiyo amerudi pale alipoanzia, na fedha zimemtoka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Chupa moja tu inaipita hiyo. Wakati tumo katika habari hii, lile koti la nailoni wanalolivaa baadhi ya watu ili watoke jasho zaidi halichomi mafuta. Uzito unaopungua ni maji, utarudi kwa gilasi mbili, na kwa hali ya hewa yetu koti hilo ni njia ya karibu ya kujitafutia maradhi ya joto.

Baina ya dakika 45 na saa moja na ushei ya mazoezi makali sana kuna jambo la kushangaza linalostahili kutajwa. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baskeli kinywaji chenye wanga wakisukutue mdomoni kisha wakiteme, bila ya kukimeza, na waendeshaji hao walimaliza kazi waliyopangiwa, ya karibu saa moja, kwa muda mfupi zaidi kwa karibu asilimia 3 kuliko waliposukutua maji. Inaonekana ulimi huupasha ubongo habari kwamba chakula kinakuja, na ubongo ukaulegezea mwili hatamu. Kwa anayeshindana, funda dogo linatosha kupata faida hiyo. Kwa asiyeshindana, ni habari ya kusimulia barazani.

Kuanzia saa moja na kuendelea, mambo hubadilika. Mchezaji wa mpira anayecheza dakika 90 kwa bidii, mkimbiaji wa mbio ndefu, mwendesha baskeli anayetoka mjini kwenda Nungwi na kurudi, na hata wale wanaoshindana kwa ngalawa mchana kutwa, wananufaika wakipata gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Hizo ni nusu lita hadi lita moja ya kinywaji chenye sukari ya asilimia 6, yanywewe kwa mafunda kila baada ya dakika 15 au 20, na kwa mchezaji wa mpira kabla ya kuingia na wakati wa mapumziko. Anayependa kutafuna badala ya kunywa, tende ndogo sita zina karibu gramu 30 za wanga, na ndizi mbivu ya wastani ina gramu 25 hivi. Ukizifuatisha na maji umepata karibu kila kilichomo katika chupa, isipokuwa chumvi.

Kulipima jasho lako

Swali la pili ni jasho, na hili halina jibu moja kwa watu wote. Wapo wanaotoka nusu lita kwa saa na wapo wanaopita lita moja na nusu, na chumvi iliyomo hutofautiana vile vile. Ukivua fulana ikakauka na kuacha michirizi myeupe kama ya chumvi ya pwani, au jasho likakuwasha machoni kila mara, yaelekea wewe ni katika wanaopoteza chumvi nyingi. Lakini kiasi cha maji hukibahatishi. Kinapimwa, na kifaa chake ni mizani ya kawaida ya kupimia uzito.

Nenda haja ndogo kwanza, kisha jipime ukiwa na nguo chache, bila ya viatu, na uandike uzito. Fanya mazoezi yako kama ulivyozoea, na kila unachokunywa kipimwe. Ukimaliza, jifute jasho kwa taulo, vua nguo zilizorowa kwa sababu jasho lililomo ndani yake nalo lina uzito, kisha jipime tena. Kila kilo iliyopungua ni sawa na lita moja ya maji, nawe uongeze juu yake ulichokunywa.

Niliifanya kazi hii na kijana mmoja wa mtaani kwetu, beki wa pembeni, siku ya joto la mwezi wa Februari. Kabla ya mechi alikuwa na kilo 68.4, na baada ya dakika 90 alikuwa na kilo 66.9, naye alikuwa amekunywa chupa moja ya nusu lita. Amepungua kilo 1.5, ukiongeza nusu lita aliyoinywa utaona kwamba jasho lake lilikuwa lita 2 kamili. Upungufu wa kilo moja na nusu ni zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, na hapo ndipo wataalamu wa michezo wanaposema kwamba uwezo wa mtu huanza kuteremka, hasa katika joto: miguu huwa mizito, mapigo ya moyo huzidi kwa kazi ile ile, na maamuzi huchelewa. Yeye mwenyewe alikuwa akilalamika muda mrefu kwamba dakika 20 za mwisho hupitwa na winga yeyote, akidhani ni umri, na ana miaka 24. Wiki iliyofuata alikunywa lita moja na robo, sehemu yake ikiwa ni kinywaji cha kutengeneza nyumbani, na akamaliza mechi akiwa amepungua robo tatu ya kilo. Mtu mmoja na mechi mbili hazithibitishi kitu, lakini mizani ilimwonesha jambo ambalo maneno yangu ya miezi mitatu hayakumwonesha.

Usipime mara moja ukatosheka. Jasho la Januari na Februari, upepo wa Kaskazi ukiwa umeleta joto na unyevu, si jasho la Julai wakati Kusi inapovuma, na anayecheza alasiri si sawa na anayekimbia alfajiri.

Baada ya mazoezi, lengo ni kurudisha karibu lita moja na nusu kwa kila kilo iliyopungua, kwa muda wa saa kadhaa, kwa vile sehemu ya unachokunywa hupotea kwa njia ya mkojo. Ikiwa una mchezo mwengine jioni hiyo hiyo, kinywaji chenye chumvi kitakusaidia kuyazuia maji mwilini. Ikiwa huna mchezo mpaka kesho kutwa, kula chakula chako na unywe maji. Chumvi ya mchuzi inafanya kazi ile ile.

Wala usivuke mpaka wa upande wa pili. Anayekunywa kuliko anavyotoka jasho, kwa kudhani kwamba maji mengi hayana madhara, huishusha sodiamu ya damu yake, akapata kichefuchefu, kuumwa na kichwa, kuchanganyikiwa, na akizidi huanguka kifafa. Katika mashindano ya Boston Marathon ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 kati yao walikutwa na sodiamu ya chini. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani. Kinywaji cha wanamichezo hakimkingi mtu na hatari hii, kwa sababu chumvi yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ile ya damu. Mizani ikikuonesha kwamba umemaliza mazoezi ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa kupita kiasi. Kwa asiye na mizani, kiu yenyewe ni kiongozi wa kuaminika kwa mazoezi ya kawaida.

Kukitengeneza nyumbani

Chemsha maji zaidi ya lita moja, yaache yapoe, kisha pima lita moja katika chombo safi. Tia vijiko 12 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu visiwe na kichuguu, ambavyo ni gramu 50 hivi, na robo ya kijiko cha chai ya chumvi ya mezani. Koroga mpaka kila kitu kiyeyuke, kamulia ndimu mbili, chuja kokwa, weka mahali pa baridi. Ladha yake ni ya juisi ya ndimu nyepesi yenye chumvi ya mbali. Ikiwa unaionja kama maji ya bahari, umekosea kipimo, na imwage uanze upya badala ya kuirekebisha kwa kuongeza sukari. Inywewe siku hiyo hiyo, kwani haina dawa ya kuihifadhi.

Nasisitiza kisu cha kusawazishia kwa sababu kijiko chetu cha kutilia sukari ya chai, kama kila mmoja ajuavyo, hubeba viwili. Na suala la maji safi lisichukuliwe kwa wepesi katika visiwa ambavyo vimewahi kupigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja: chupa moja ya maji ya bomba yasiyochemshwa, ikizungushwa kwa timu nzima, inaweza kuwalaza wachezaji wote pamoja na kocha. Kila mchezaji awe na chupa yake.

Asiyependa ndimu anaweza kutumia ukwaju au juisi ya chungwa. Njia nyepesi ni kuchukua juisi ya chungwa iliyokamuliwa, nusu lita, ukaichanganya na nusu lita ya maji na robo hiyo hiyo ya kijiko cha chumvi. Sukari ya chungwa inakutosha, na hapana haja ya kuongeza nyengine.

Halafu kuna dafu, ambalo sisi hulitetea kwa moyo wote. Maji ya dafu ni matamu kwa kiasi, yana sukari chini ya soda na chini ya juisi nyingi, na yana potasiamu kwa wingi. Tatizo ni kwamba jasho hutoa sodiamu zaidi, na potasiamu kidogo, kwa hiyo dafu linakupa kwa mkono mkunjufu kile ambacho hukukipoteza sana, na linakupunja kile ulichokipoteza. Mtu aliyecheza kwa muda mrefu na anaependelea dafu atie chumvi kidogo, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili, kwa kila dafu. Chagua dafu lenyewe; kitale bado hakijakaza utamu, na koroma limeshaanza kugeuka nazi, maji yake hupungua na hujaza tumbo. Mwenye maradhi ya figo asinywe madafu kwa wingi bila ya kumuuliza daktari wake, kwa sababu ya hiyo hiyo potasiamu.

Maziwa nayo, ambayo ni nadra kutajwa katika mazungumzo haya, yana maji, sukari yake ya asili, chumvi na protini, na hukaa mwilini vizuri baada ya mazoezi. Hayafai wakati wa kukimbia, ila gilasi mbili baada ya mechi, kwa ambaye tumbo lake linayakubali, ni kinywaji bora kuliko vingi vya chupa za rangi.

Mazoezi ndani ya Ramadhani

Mwezi huu unabadilisha hesabu, kwa vile mfungaji hana ruhusa ya kurudisha jasho mpaka jua lizame. Mazoezi mazito yawekwe baada ya tarawehe, au yale mepesi yawekwe saa ya mwisho kabla ya magharibi, ili futari iwe karibu. Wapo wanaocheza mpira kamili saa kumi jioni huku wamefunga. Vijana wenye afya wengi wao huvuka salama, lakini anayepata kizunguzungu, anayeacha kutoka jasho huku mwili ukimuwaka, au anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na apelekwe hospitali haraka. Hiyo ni hali ya kupigania uhai, na hapo saumu ina rukhsa yake.

Wakati wa kufutari, chupa ya rangi haina nafasi ya pekee, kwa sababu meza ya futari yetu imeshakamilika: tende zina sukari, uji una wanga na maji, mchuzi wa samaki una chumvi. Kosa linalojirudia ni la daku. Mtu huamka na kujisukumizia lita mbili kwa mpigo akidhani anajaza tangi, na figo humwondolea sehemu kubwa ya maji hayo kabla ya jua kupanda sawasawa. Yagawe maji baina ya magharibi na daku, gilasi moja kila saa uliyo macho, na daku lenyewe liwe na chakula chenye chumvi ya kawaida ili maji yapate cha kuyashika.

Wanaopaswa kujihadhari

Mwenye kisukari asianze kunywa vinywaji hivi kwa sababu tu ameanza mazoezi. Wapo wanaotumia insulini ambao huhitaji sukari ya haraka inapowashuka wakati wa mazoezi, lakini mpango huo hupangwa na daktari. Mwenye shinikizo la damu aiangalie chumvi. Watoto wanaocheza baada ya skuli wapewe maji na chungwa. Kuwazoesha chupa za sukari kwa jina la michezo ni kuwaharibia meno mapema, kwani vinywaji hivi, vikiwemo vile vya ndimu tunavyovitengeneza wenyewe, vina ukali wa asidi unaolainisha ngao ya jino. Ambaye lazima avinywe, avimeze bila ya kuvizungusha mdomoni kwa muda mrefu, asukutue kwa maji baadaye, na asubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Kuhusu kubanwa na misuli, ambako ndiko kunakowafanya wengi waikimbilie chupa, sababu yake haijawa moja. Kwa wengine chumvi iliyopotea huchangia, lakini mara nyingi msuli uliobana ni msuli uliochoka kupita ulivyozoeshwa, na dawa yake ya papo hapo ni kuunyoosha taratibu mpaka uachie. Anayebanwa kila mechi dakika ya 75 atazame kwanza kama mazoezi yake ya wiki yanafika dakika 75.

Jambo la mwisho ni chupa yenyewe. Ioshwe usiku ule ule kwa sabuni na maji ya moto, na iachwe ikauke bila ya kufungwa, kwa sababu sukari inayobaki katika mizunguko ya kifuniko ndiyo inayotoa ile harufu ya uchachu ambayo mchezaji huinusa siku ya pili na kudhani kwamba ni kinywaji kilichoharibika.